Upande Mkavu wa Jiwe la Wapagazi

Mfaume alimwonya Lukumani asipande, na Lukumani hakumwamini, kwa sababu Mfaume alikuwa Mzaramo na Lukumani Mnyamwezi.

Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu misafara ya wapagazi. Babu zetu walishuka na mizigo hadi kwao, wakalala kwao, wakaugua kwao na wengine wakazikwa huko huko. Katika kuuguzana na kuzikana ikapatikana ruhusa ya kutukanana pasipo kukasirika. Mfaume aliitumia ruhusa hiyo kama watu wengine wanavyotumia chumvi. Alikuja Bukene na kazi ya reli, akaoa huku, na kijiji cha ujamaa kilipoanza alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhamia. Kila asubuhi alipomwona Lukumani alimuuliza kama bado hajafa, kwa kuwa sanda yake imekwisha nunuliwa na panya wameanza kuitafuna. Lukumani naye alimjibu kwamba Mzaramo hawezi kununua sanda, labda aibe ya baba yake.

Lukumani alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Kuluthumu. Mimi ni mtu wa Tabora mjini, mzaliwa wa Chemchem, fundi mwashi kama marehemu baba. Nilikwenda kijijini kwao kujenga ghala la mazao, na ghala lilipokwisha wakataka darasa, na darasa lilipokwisha nikajikuta nimekaa. Siku hizo Kuluthumu alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua, na hakuweza tena kuinama kuchochea moto. Ndiyo maana nililala kwao, na ndiyo maana siku ile nilifuatana na mumewe kwenda Jiwe la Wapagazi.

Asali ya mizinga ya mitini kila mtu kijijini aliweza kuirina. Nyuki wa Jiwe la Wapagazi walikuwa na mrinaji mmoja tu, naye ni Lukumani. Jiwe hilo linasimama peke yake katikati ya miombo, kando ya njia ya zamani ya misafara, na chini yake mpaka leo utakuta mawe matatu matatu yaliyoungua, mafiga ya watu waliopumzika hapo na mizigo yao. Upande wa magharibi pana mteremko mrefu wa jiwe tupu, umeinama kiasi cha mtu kuweza kuupanda kwa miguu peku. Likiwa kavu, jiwe lile linakwaruza kama msasa na kuushika unyayo. Juu ya mteremko huo ukuta unasimama wima, na hapo pana ukingo mwembamba wa kutosha mtu kusimama, na juu ya ukingo pana ufa wenye nyuki. Asali ya mtini hurinwa usiku. Ile ya jiwe lazima irinwe mchana, maana giza linaficha mahali pa kuweka mguu.

Tulifika alasiri, watatu. Mimi nilibeba kamba ya magome, Lukumani ndoo na mwenge wa moshi. Mfaume hakubeba kitu. Alisema yeye amekuja kuonja na kushuhudia. Jua lilikuwa kali, lakini nyuma ya jiwe, upande wa mashariki, kulikuwa na wingu. Mvua za mwaka zilikuwa bado hazijaanza vizuri, na wingu moja halikumstua mtu.

Mfaume alilitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mnyamwezi, usipande leo. Lile wingu lina kijani tumboni."

"Sema unaitaka asali yangu."

"Mimi nakwambia kweli."

"Kweli yako niliisikia jana," Lukumani akamjibu, akiifunga suruali yake magotini, "uliposema mke wangu atazaa nyani."

Mfaume alinigeukia mimi, lakini midomo yake ilikuwa bado imekaa kama ya mtu anayetaka kucheka. Ndivyo uso wake ulivyokuwa siku zote. Nilimwambia amwache mtu afanye kazi. Lukumani alikuwa amekwisha kuwasha mwenge, na punde si punde alikuwa nusu ya mteremko, ndoo na kamba mgongoni, akitembea kwa mikono na miguu.

Alifika ukingoni salama, akatia moshi ufani, akaanza kukata masega. Ndoo ya kwanza aliishusha kwa kamba, tukaimwaga kwenye kibuyu, akaivuta tena. Alikuwa akiijaza mara ya pili upepo ulipogeuka. Ulikuwa upepo wa baridi, baridi ya ajabu kwa mwezi ule, na miti yote ikalala upande mmoja. Nikamwita ashuke. Alikwisha kugeuka kushuka mvua ilipotupata.

Haikuwa mvua ya maji. Yalikuwa mawe, mengine kama kunde, mengine kama mayai ya njiwa, na yalishuka kwa kishindo hata sikuweza kusikia sauti yangu mwenyewe nikimwita. Tulijibanza chini ya jiwe tukiwa tumefunika vichwa kwa mikono. Ndoo ikaanguka karibu nasi pamoja na kamba yake, na nikabaki nimeutazama mteremko nikisubiri kumwona mwenye ndoo naye akija. Hakuja.

Ilipokoma, ilikoma ghafla. Nilitoka na sikuitambua nchi. Katika darasa la usiku pale mjini mwalimu wetu aliwahi kutuonyesha picha ya kilele cha Kilimanjaro, nami nikaandika neno theluji katika daftari langu nikiamini kwamba sitalihitaji. Sasa ardhi yote chini ya miombo ilikuwa nyeupe. Mteremko wa jiwe ulikuwa mweupe vilevile, na chini ya weupe huo maji yalikuwa yakitiririka.

Lukumani alikuwa hai. Alikuwa amesimama juu ya ukingo, mgongo ukutani, mikono ameitandaza. Damu ilimtoka kichwani kidogo. Mwenge wake ulikuwa umezimika.

Alituambia kwamba hakuumia sana na kwamba atangoja jiwe likauke. Nikapumua. Nikamwambia ni kweli, akae hapo hapo, asihangaike. Mfaume alikuwa ameligeukia jua, ambalo lilikuwa linatokeza chini ya wingu upande wa magharibi, jekundu na lenye joto, na mwanga wake ulikuwa unapanda juu ya ukuta. Uliangukia kwanza ule ufa.

Hapo nikaelewa. Nyuki walikuwa wamenyamaza kwa sababu ya baridi. Nyumba yao ilikuwa imevunjwa nusu, masega yamekatwa, asali inachuruzika, na moshi haupo tena. Jua lilikuwa likiwapasha joto wao kabla ya kuukausha mteremko, kwa kuwa mteremko ulikuwa bado kivulini mwa miti na mawe ya mvua yaliyolundikana huko juu yangeendelea kuyeyuka na kuulowesha hadi usiku. Wangeamka yeye akiwa bado pale, uso wake karibu na mlango wao, hana pa kukimbilia. Na mtu anayepigana na nyuki hakumbuki amesimama juu ya nini.

Lukumani ni mrina asali. Alilijua hilo kabla yetu. Ndiyo sababu hakuthubutu kujitikisa hata kuyafuta maji usoni.

Nilivua viatu nikaujaribu mteremko. Sikufika mbali. Ukoga mweusi ambao ukiwa mkavu hata huuoni, ukilowa unakuwa kama sabuni. Niliteleza kifudifudi hadi chini na kidevu kikachanika. Mfaume alinisaidia kuinuka.

"Lazima pawe na mahali pakavu," nikamwambia. "Mvua imetoka mashariki. Upande huu haikuupiga moja kwa moja, imeteremka tu kutoka juu. Tutafute ukuta uliojifunika."

Nilifanya kazi ya mawe maisha yangu yote, lakini mawe ya ujenzi huja kwako, na ukitaka jingine unaligeuza. Jiwe hili nililizunguka nikiwa nalipapasa kwa viganja kama kipofu. Palilowa. Palilowa. Kila nilipogusa, maji yalinipita vidoleni. Nikafika kwenye pembe ya kaskazini, ambapo ukuta umejitokeza nje kama upenu wa nyumba, na chini ya upenu ule nikakanyaga vumbi.

Sijapata kufurahia vumbi kiasi kile. Lilikuwa limejaa mavi ya pimbi, makavu, na kutoka hapo ufa wa kumtosha mtu uliingia ndani ya jiwe na kupanda juu. Ndani yake hapakuwa na tone. Nilimwita Mfaume, nikaitia kamba begani, nikaingia. Nilipanda mgongo ukiwa umeegemea upande mmoja na miguu ikisukuma upande wa pili, na pimbi mmoja akapita juu ya bega langu akikimbia. Nilikuwa nikisoma dua zote nilizozijua na nyingine nikizichanganya.

Nilitokea kwenye kijishubaka kilicho sawasawa na urefu wa ule ukingo. Lukumani alikuwa karibu, nilimsikia akihema. Lakini sikumwona. Kati yetu palikuwa na tumbo la jiwe, limevimba nje, na ukingo aliosimama yeye haukulizunguka, uliishia upande ule wa pili. Nilirusha kamba mara kadhaa kwa kubahatisha. Kila mara ilipiga tumbo lile ikarudi, na mwisho ikaniponyoka ikaenda zake chini.

Ndipo nilipoisikia sauti ya Mfaume ikitoka mahali ambapo sikuitegemea. Mbele ya ukuta wetu pana jiwe jingine, dogo, la mviringo. Alikuwa amelipanda, sijui kwa vipi, akawa amesimama juu yake akitutazama sote wawili. Ni yeye peke yake aliyeweza kutuona wote.

Aliniambia kwamba chini ya ukingo wa Lukumani jiwe limerudi ndani, na huko ndani pana mstari mkavu wa kuweka miguu, umekingwa na ukingo wenyewe. Unapita chini ya tumbo na kuja mpaka mkononi kwangu. Lukumani akishuka kwa kuning'inia, akiweka miguu pale, anaweza kutambaa kwa upande hadi nimshike.

Kwa maneno mengine, ilimpasa mtu yule aache mahali anaposimama, ageuke, aitupe miguu yake hewani, na kuiweka juu ya kitu asichokiona kwa sababu Mzaramo amemwambia kipo.

Nilimpasha Lukumani habari. Nikamsikia Mfaume akimweleza mwenyewe kwamba mstari upo, ni mpana wa kiganja, ni mkavu kabisa.

"Juzi uliniambia chatu amelala kitandani kwangu," Lukumani akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Hilo lilikuwa la juzi."

"Nilitoka nje uchi."

Kutoka ufani, kwa mbali, ulianza kusikika mngurumo mdogo, kama wa birika kabla halijachemka. Mwanga wa jua ulikuwa umekwisha kufika hata kwangu. Nilihisi joto lake shingoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililichukia jua.

Mfaume naye aliusikia mngurumo ule. Nadhani ndipo akili yake ilipomruka, maana alifanya jambo ambalo hakuna aliyepata kumwona akilifanya. Aliondoa kofia yake kichwani, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu Lukumani," alisema, polepole, kwa adabu, kama anavyozungumza mtu na mkwewe. "Mimi Mfaume nakuomba. Tafadhali. Kwa heshima ya wazee wako na ya mkeo, shusha mguu wako wa kushoto."

Nilisikia maji yakidondoka. Kisha nikasikia jambo lililonitisha kuliko nyuki wenyewe. Kuhema kwa Lukumani kulikuwa kumegeuka, kukawa kufupi na kwa haraka, kama kwa mgonjwa.

"Shemeji," aliniita. "Nimekwisha kufa?"

"Hujafa. Kwa nini unasema hivyo?"

"Mzaramo ananiambia tafadhali."

Alikuwa na haki. Mtani humtukana mtu akiwa mzima, humtukana akiwa mgonjwa, hata maiti humchezea shere kaburini ili waliofiwa wacheke. Kama mtani wako ameshika kofia mkononi na anakutajia wazee wako, basi ameona hatari ambayo hata yeye hana uwezo wa kuichezea. Lukumani alijibana ukutani. Nilisikia mgongo wake ukisuguana na jiwe, na mngurumo mle ufani ukazidi.

Nikapiga kelele, "Mfaume, mtukane."

Mfaume alinitazama kama vile nimemwambia amrushie mawe.

"Mtukane, nakwambia. Mtukane kama siku zote."

Alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Yule mtu ambaye tusi halikupata kumkauka ulimini sasa alikuwa anameza mate. Alijaribu akakohoa. Nyuki mmoja alitoka ufani, nikamwona aking'aa katika jua, akazunguka na kushuka upande wa Lukumani.

"Wewe," Mfaume alianza. "Wewe gunia la mtama." Ilikuwa sauti ya mtu anayelia. Akavaa kofia yake. "Wewe gunia la mtama lenye miguu, babu yako alibeba pembe za ndovu toka Ujiji hadi kwetu na hakulilia jiwe. Alilia alipofika akaonjeshwa wali. Aliula mpaka akazimia, na babu yangu ndiye aliyemmwagia maji."

Kuhema kulitulia kidogo.

"Babu yako alikuwa amejificha chini ya kitanda," Lukumani alisema.

"Alijificha asiuone uso wa babu yako, ambao ndio huo ulio nao. Geuka uuoneshe jiwe, labda litakuhurumia. Geuka, kobe wewe. Taratibu, usije ukalivunja jiwe la serikali."

Nilisikia akigeuka. Vidole vyake vilishika ukingo, nikaviona vinne tu pembeni mwa lile tumbo, vyeupe kwa kubana.

"Sasa shusha hilo guu la kushoto, guu kama mchi. Chini. Chini tena. Mbona unalikunja, unaona aibu? Nusu kiganja chini. Hapo. Umekanyaga. Mbuzi angekuwa amekwisha kufika nyumbani."

"Mbuzi ni baba yako."

"Baba yangu ni mbuzi, lete la kulia."

Nyuki walikuwa wanatoka sasa, wachache, wamelegea, wakianguka na kuruka tena. Mmoja alimchoma, kwa sababu nilisikia akivuta pumzi kwa meno. Vidole havikuachia. Mfaume alikuwa akizungumza bila kupumzika, amemfikia mama mkwe, amefikia ugali wa kwetu, na ndani ya matusi kulikuwa na kila kitu: kushoto, shikilia, punguza, hapo pana unyevu paruke. Lukumani alimjibu kila neno. Nilinyoosha mkono hadi bega likauma. Vidole vyake viliondoka kwenye ukingo kimoja kimoja vikashika mahali pengine pa chini, kisha kiganja chote kikatokea chini ya tumbo la jiwe, kikipapasa, nami nikamshika kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili na kumvuta ndani ya ufa wangu kama anavyovutwa mtoto anayezaliwa.

Tulishuka tukiwa tumefuatana, yeye chini mimi juu, na nyuki kadhaa wakatufuata mle gizani wakatuchoma vizuri. Chini ya upenu alikaa kwenye mavi ya pimbi, jicho moja limevimba.

Aliniuliza kama Kuluthumu amejua. Nikamwambia hajui, atajuaje. Akaniomba nisimwambie leo, nimwambie mtoto akishazaliwa. Nikamwambia nitajitahidi, lakini jicho lile litasema lenyewe.

Kisha tukagundua kwamba Mfaume amenyamaza.

Tulimkuta bado yuko juu ya jiwe lake la mviringo, amekaa, ameyashika mawe ya mvua mikononi bila kujua kwamba ameyashika. Alipanda pale bila kufikiri, na sasa alikuwa amefikiri. Kila upande ulikuwa umelowa. Halikuwa refu sana, lakini lilitosha kumvunja mtu wa umri wake. Jua lilikuwa linazama, na nyuki walikuwa wanaanza kuitafuta ile ndoo.

Lukumani alimtazama. Nilidhani atatoa tusi, na nadhani mwenyewe alidhani hivyo. Badala yake alikwenda akasimama chini ya jiwe, akaweka viganja vyake juu yake na kuinamisha kichwa. Miguu aliipanua akaikaza. Mimi nikasimama nyuma yake nikamshika kiuno.

"Kanyaga bega," akasema.

Mfaume alikanyaga bega moja, kisha la pili, na sote watatu tukaanguka pamoja kwenye ile baridi nyeupe. Hakuna aliyecheka. Tuliiacha ndoo, tukaacha kibuyu, tukaondoka kwa kufuata njia ya zamani, nayo haikuonekana, tuliijua tu kwa uwazi wa miti.

Nilikuwa nyuma yao. Giza lilipoanza kuingia niliona kwamba wameshikana mikono, kama watoto wanaopelekwa chuo cha Kurani. Walitembea hivyo mwendo wote, wakisaidiana penye utelezi, na nilipunguza mwendo ili wasinisikie. Tulipoanza kunusa moshi wa majiko ya kijijini waliachana. Lukumani alipandisha suruali yake, Mfaume akaweka kofia sawa. Kuluthumu alikuwa amesimama mlangoni na taa, mkono mmoja mgongoni, akiangaza njiani kuhesabu wangapi wamerudi.